Vichwa Thelathini, na Dakika Kumi Baada ya Kila Kimoja

Mtu huamua kuchora uso mmoja kila siku kwa siku mia. Siku ya mia ikifika ana madaftari matatu yaliyojaa, na uso wa mia una kosa lile lile la uso wa kwanza: macho yamepanda mno, paji la uso limefinywa, na kichwa hakina kisogo. Mtu huyo si mvivu. Amechora hata usiku ambao stima ilipotea, kwa mwanga wa simu. Lakini mkono haujui lipi ni kosa na lipi si kosa. Unakariri kile unachorudia. Ukiupa macho ya juu mara mia, unakuwa mahiri wa kuchora macho ya juu.

Ndiyo maana changamoto za kuchora, iwe ile ya vichwa 100 au ile ya wino ya mwezi wa Oktoba iliyoanzishwa na Mmarekani Jake Parker mwaka 2009, humwinua mmoja na kumwacha mwingine pale pale alipokuwa. Idadi ya michoro ni moja. Tofauti iko katika kinachofanyika mchoro ukishakamilika: ama ulipimwa, kosa likapewa jina na namba, likasahihishwa kabla ya ukurasa mwingine kufunguliwa, ama ulifungiwa tu daftarini.

Utaratibu unaoelezwa hapa ni wa vichwa 30 kwa wiki sita, siku tano kwa wiki. Kila siku ni dakika 20 za kuchora na dakika 10 za kupima. Atakayekosa muda apunguze zile 20, asiguse zile 10.

Kwa nini macho hupanda

Akilini mwetu uso ni macho, pua na mdomo. Hizo ndizo sehemu tunazozitazama mtu akizungumza. Paji la uso na utosi hatuzitazami, kwa hiyo mkono huzibana kama nafasi tupu. Simama mbele ya kioo, weka kidole usawa wa jicho, kisha upime kwa rula kutoka hapo hadi utosini, halafu hadi kidevuni. Kwa mtu mzima vipimo hivyo viwili hukaribia kulingana: macho yako katikati ya kichwa. Wengi hawaamini hadi wapime wenyewe, na hata wakishaamini mkono huendelea kuyapandisha kwa wiki kadhaa.

Kisogo nacho huibwa kwa sababu hiyo hiyo. Kichwa cha mtu mzima chenye urefu wa sentimita 22 au 23 kina kina cha sentimita 19 au 20 kutoka paji hadi kisogoni. Yaani kwa ubavu kinakaribia kuwa mraba. Anayeanza humpa mtu uso wa mbele, kisha sikio, kisha anafunga mstari mara moja nyuma ya sikio. Matokeo ni barakoa yenye shingo.

Kuna sababu nyingine ya kutoyaona makosa haya, nayo ni jinsi ubongo unavyousoma uso. Mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Uingereza Peter Thompson alichukua picha ya Margaret Thatcher, akapindua macho na mdomo peke yake, kisha akaigeuza picha nzima kichwa chini. Anayeitazama ikiwa hivyo haoni tatizo kubwa. Ikisimamishwa wima, inatisha. Uso uliosimama wima tunausoma kwa pamoja, kama neno linalojulikana. Ukigeuzwa, tunaona vipande. Kwa mchoraji hilo ni zana. Geuza mchoro wako na picha unayoiiga vyote viwili kichwa chini, ulinganishe umbali wa kipande na kipande. Ubongo ukiwa umenyang'anywa uso, jicho hubaki na kazi ya kupima.

Vifaa

Tulimalize hili haraka, kwa sababu vifaa vimewachelewesha watu wengi kuliko inavyostahili. Penseli mbili: HB ya kupimia na 4B ya vivuli. Namba ya B inavyopanda, grafiti huongezeka na udongo hupungua, alama ikawa laini na nyeusi zaidi. Chonga kwa wembe hadi risasi itokeze kama sentimita moja, uweze kuilaza. Kifutio, rula, kalamu nyekundu ya kusahihishia, na karatasi ya A4 ya fotokopi, ile ya gramu 80.

La muhimu kuliko vyote ni ubao, hata kipande cha kadibodi ngumu. Karatasi ikilala mezani, sehemu ya juu inakuwa mbali na jicho kuliko ya chini, hivyo inaonekana fupi, nawe bila kujua unairefusha. Ukiinua karatasi unakuta kichwa kimevutika kama papai. Egemeza ubao pajani au kwenye meza usimame angalau nusu ya njia kati ya kulala na kusimama wima, ukikutazama moja kwa moja.

Kichwa cha sentimita 12

Michoro yote 30 iwe na kichwa cha sentimita 12 kutoka utosi hadi kidevu. Kichwa cha sentimita 3 huficha kosa, maana macho yakikosea kwa sehemu ya kumi ya kichwa ni milimita 3 tu, na jicho linasamehe. Kichwa kinachojaza ukurasa mzima nacho hakionekani kwa pamoja bila kurudi nyuma. Kwa sentimita 12 namba pia ni rahisi kushika.

Ukimchora mtu mzima anayekutazama usoni moja kwa moja, anza na mstari wa sentimita 12 uliosimama. Macho ni sentimita 6 kutoka juu. Nyusi ni kama 5. Chini ya pua ni kama 8.5. Mstari wa nywele ni kama 1.5. Utaona kwamba kutoka nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, na chini ya pua hadi kidevu, kila hatua ni sentimita 3.5. Mstari unaokutanisha midomo si katikati ya pua na kidevu kama wengi wanavyouweka. Uko kama theluthi ya njia kutoka puani, yaani karibu 9.7. Upana wa kichwa ni kama sentimita 8, na unagawika kwa macho matano: jicho moja la sentimita 1.6 kila upande nje ya macho, macho yenyewe mawili, na nafasi ya jicho moja katikati yao. Masikio yanakaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua.

Namba hizi ni pa kuanzia, si sheria. Hapa mwanafunzi wa kwetu anahitaji tahadhari ambayo mafunzo mengi ya mtandaoni hayampi. Utaelezwa kwamba upana wa pua ni sawa na nafasi kati ya macho. Kipimo hicho kimetoka kwenye nyuso za Ulaya. Ukikishika huku magharibi mwa Kenya, mjini Kisumu au Kakamega, utamchora kila mtu na pua isiyokuwa yake, kisha ushangae kwa nini hafanani. Teremsha mstari ulionyooka kutoka kona ya ndani ya jicho uone unaiangukia pua wapi. Kwa watu wengi wa huku ukingo wa pua unapita nje ya mstari huo, wakati mwingine hadi chini ya mboni. Midomo nayo: teremsha mstari kutoka katikati ya mboni uone kona ya mdomo imesimama wapi. Mistari hii miwili iliyonyooka ina faida kuliko kurasa kumi za kuchora macho mazuri, kwa sababu kufanana kwa mtu kumo katika nafasi zilizo kati ya viungo, wala si katika kope.

Mtu akiwa mbele yako, pima hivi. Nyosha mkono wote, kiwiko kisipinde, fumba jicho moja. Weka ncha ya penseli usawa wa utosi wake na kidole gumba usawa wa macho. Bila kusogeza kidole, shusha penseli uone urefu huo unaingia mara ngapi hadi kidevuni. Kiwiko kikilegea, kipimo cha pili hakilingani tena na cha kwanza, na hilo ndilo kosa la kila mtu wiki ya kwanza.

Halafu kuna watu wanaoinamia simu, nao ni karibu kila mtu utakayemkuta ameketi mahali pa umma. Kichwa kikiinama, utosi unakuja mbele na kuchukua nafasi kubwa, mstari wa macho unashuka chini ya katikati, pua inasogelea mdomo, na masikio yanapanda juu ya usawa wa macho. Kichwa kikiinuliwa, masikio yanashuka. Wengi huchora uso ulioinama vizuri kabisa, kisha wanaweka masikio mahali pake pa kawaida, na kichwa kizima kinavunjika shingo. Anza na sikio. Kabla ya jicho wala pua, jiulize: sikio liko juu au chini ya jicho, na kwa kiasi gani? Jibu hilo linakupa mwinamo wa kichwa chote.

Wiki sita

Wiki ya kwanza usichore macho, pua wala mdomo. Chora tufe la fuvu, ukate ubavu wake mahali pa panja, uongeze taya, uweke mstari wa macho na sikio. Vichwa vitano vya namna hiyo vinachosha kwa sababu havifanani na mtu yeyote, na ndiyo sababu watu huiruka wiki hii. Usiiruke. Hapa kwetu kuna msaada mkubwa: wanaume wengi hunyoa upara, na fuvu lote linaonekana wazi, kuanzia paji hadi mvungu wa kisogo. Mwanamke aliyesukwa mistari naye ni somo kamili, kwa kuwa kila mstari wa nywele unapanda na kushuka kwa kufuata mviringo wa kichwa. Fuata mistari minne au mitano tu, fuvu litajitokeza lenyewe.

Wiki ya pili ni ya kuweka viungo mahali pake kwa alama ndogo tu, vichwa vikiwa vimegeuka nusu na vimeinama. Ya tatu ni macho na tundu zake. Jicho ni tufe lililokaa ndani ya shimo, na kigubiko kimelifunika kikiwa na unene wake kama ukingo wa bakuli. Mchoro wa samaki mwenye doti katikati ni ishara ya jicho, jicho lenyewe haliko hivyo. Ya nne ni pua, mdomo na vitefute kama bapa zinazoelekea pande tofauti: ipi inatazama juu, ipi ubavuni, ipi chini. Ya tano ni mwanga. Ya sita, sura nzima ya mtu mmoja kwa siku zote tano: mtu yule yule, pembe tofauti.

Ukikosa siku, endelea na kichwa kilichofuata. Usichore viwili kesho kulipa deni. Anayelipa deni huchora haraka ili amalize, na kinachokatwa kwanza ni dakika kumi za kupima.

Dakika kumi zenyewe

Tuchukue mchoro mmoja. Mwendesha bodaboda ameketi juu ya pikipiki stejini, kofia ngumu ameiweka pajani, uso ameugeuza kidogo kushoto. Mchoro umekamilika, unapendeza, ila si yeye. Kuutazama zaidi hakutasaidia. Chukua rula.

Kichwa kwenye karatasi ni sentimita 12. Macho yamewekwa sentimita 5.2 kutoka juu. Kwa kipimo cha penseli, yeye macho yake yako katikati, yaani 6. Kosa la kwanza lina namba: milimita 8. Kutoka kona ya nje ya jicho hadi sikio, mchoro una sentimita 1.6, upana wa jicho moja. Kwake yeye macho mawili yanaingia hapo. Kosa la pili: sikio limesogezwa mbele kwa jicho zima, ndiyo maana kichwa kinaonekana chembamba kama barakoa. Mdomo uko sawa. Pua iko sawa.

Andika kwa kalamu nyekundu pembeni: "macho juu mm 8, sikio mbele, jicho 1". Kisha, kando ya mchoro huo, chora upya kichwa kile kile kwa dakika tatu, bila vivuli, ukirekebisha mambo hayo mawili tu. Usifute mchoro wa kwanza. Unapofuta, unapoteza ushahidi. Vikikaa pamoja, jicho linajifunza tofauti.

Tatizo la kuchora watu hai ni kwamba mtu huondoka. Abiria akija, mwendesha boda amekwenda na kipimo chako. Kwa hiyo kabla hujaweka kivuli chochote, andika vipimo vitatu pembeni ya karatasi: macho yako wapi, chini ya pua ni wapi, na sikio liko umbali wa macho mangapi kutoka kona ya jicho. Hivyo vitatu vinatosha kusahihishia baadaye nyumbani.

Ukichora kutoka picha, kazi ni nyepesi. Piga mchoro kwa simu ukiwa umeielekeza simu sambamba na karatasi, uuweke juu ya picha kwenye programu ya kuhariri, ushushe uzito wa mchoro hadi nusu ili picha ionekane chini yake, ulinganishe utosi na kidevu. Kila kilichohama kinaonekana.

Baada ya vichwa kumi, pitia maandishi mekundu peke yake. Yatajirudia. Mmoja ataona "macho juu" mara saba, mwingine "taya pana", mwingine "mwinamo umenyooshwa". Kosa lako kubwa huwa moja au mawili, wala si ishirini. Ukishalijua, anzia hapo: anayepandisha macho aweke mstari wa macho kabla ya kitu kingine chochote. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu, na maandishi mekundu yanakuonyesha tundu liko wapi.

Watu watatu au wanne wakikutana mara moja kwa wiki, kila mmoja akikaa kuchorwa kwa dakika 20, dakika hizi kumi huwa bora zaidi, kwa sharti moja: kila anayesema aseme kipimo. "Imeweza" haimsaidii mchoraji. "Pua yangu inaishia juu ya usawa wa ndewe za masikio, wewe umeishusha" inamsaidia.

Ngozi nyeusi kwenye karatasi nyeupe

Hapa ndipo michoro mingi mizuri huharibikia, na ni jambo linalotuhusu moja kwa moja. Mtu ana ngozi nyeusi, kwa hiyo mchoraji anakandamiza 4B au 6B uso mzima hadi karatasi inameta. Sasa hana weusi uliobaki kwa mianzi ya pua, mboni na mstari wa midomo. Uso umekuwa bapa, na ukiuinamisha kwenye mwanga unang'aa kama sufuria, kwa kuwa grafiti iliyokandamizwa hurudisha mwanga.

Chora visanduku vitano pembeni ya karatasi. Cha kwanza ni karatasi tupu, cha tano ni weusi wa mwisho wa penseli yako. Ngozi nyeusi upande wenye mwanga mara nyingi ni kisanduku cha tatu. Upande wa kivuli ni cha nne. Cha tano kihifadhi kwa mianzi ya pua, mboni, mstari unaokutanisha midomo, na kivuli kilicho chini ya taya. Cha kwanza kihifadhi kwa nukta za mng'ao tu. Finya macho ukimtazama mtu, hadi maelezo madogo yapotee, uone ni maeneo gani makubwa mawili yamebaki: mwanga na kivuli. Weka hayo mawili kwanza, moja kwa tatu na moja kwa nne, kisha ndipo usogelee vidogo.

Kinachoonyesha umbo la uso mweusi hasa ni mng'ao. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa alama zenye ukingo unaoonekana mkali zaidi, kwa sababu zinapishana sana na rangi inayozizunguka: juu ya paji, kwenye kitefute, kwenye mgongo na ncha ya pua, kwenye mdomo wa chini. Kila alama ina umbo lake. Iache karatasi tupu tangu mwanzo ukiizunguka. Kuichimba kwa kifutio mwishoni huacha uchafu wa kijivu.

Weupe wa macho na meno ni mtego mwingine. Ukiviacha vyeupe kabisa, mtu anaonekana kashtuka. Jicho limekaa kivulini mwa nyusi na kigubiko, hivyo weupe wake ni kisanduku cha pili, na juu karibu na kope unaweza kufika cha tatu. Meno ya pembeni yanazama kivulini mwa mdomo.

Nywele fupi za kipilipili zichore kama umbo moja lenye mwanga na kivuli, kisha vunja ukingo wake kwa vimistari vidogo visivyopangika. Kuchora kila msokoto huchukua saa mbili na kuzaa sponji.

Kuna karatasi inayorahisisha yote haya, nayo iko katika kila duka la vitabu: karatasi ya kaki wanayofunikia watoto madaftari. Rangi yake ni ya katikati tayari. Penseli inashuka kwenda vivulini, penseli nyeupe inapanda kwenda kwenye mng'ao, na ngozi yenyewe karatasi imeshakufanyia nusu. Tumia upande usiometa. Chaki ya ubaoni inaandika, ila hupukutika kabla hujafika nyumbani. Makaa ya jikoni pia hayafai: ni magumu, yana chembe, na yanakwaruza karatasi.

Mahali na mwanga

Ikweta yenyewe hupita Maseno, mwendo mfupi kutoka Kisumu, kwa hiyo jua letu la saa sita liko karibu na utosi mwaka mzima. Wakati huo matundu ya macho huwa meusi, pua hudondosha kivuli juu ya mdomo, na kila mtu anaonekana amechoka. Chora saa mbili hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Mchana ingia chini ya paa. Kibanda cha mabati kilicho wazi upande mmoja kinatoa mwanga wa upande mmoja, na mwanga wa upande mmoja ndio unaochonga uso.

Kwa kinyozi ni mahali pazuri kuliko pote. Mteja hutulia dakika 15 hadi 20, na kioo kinakupa uso wake huku wewe ukikiona kisogo chake moja kwa moja, pande mbili za kichwa kimoja kwa wakati mmoja. Soko la Kibuye siku ya Jumapili lina watu wengi ila hawatulii. Huko chora michoro ya dakika mbili ya mwinamo wa kichwa tu. Matatu inayosubiri kujaa hutoa dakika kumi za uhakika.

Omba ruhusa. Mtu anayechorwa kwa siri hugundua, na ana haki ya kukasirika. Maneno machache yanatosha: "Mzee, habari ya leo. Najifunza kuchora, naomba nikuchore ukiendelea kunyolewa. Sipigi picha, na nikimaliza nitakuonyesha." Akikataa, mshukuru. Mtoto usimchore bila mzazi kukubali. Na ukimpata, kumbuka macho yake yako chini ya katikati ya kichwa, kwa kuwa taya bado halijakua.

Ukilazimika kutumia picha, usitumie iliyopigwa karibu. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako kama sentimita 42, na pua inakuzwa mara 1.4 ya masikio. Ukirudi mita mbili, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mara 1.06. Rudi nyuma, kisha uvute picha. Picha zilizolainishwa ngozi na programu za urembo ziache kabisa, kwani zimefuta bapa zile unazojifunza.

Kwenye wiki ya tatu au ya nne utaona kama unarudi nyuma. Jicho limejifunza kuona makosa haraka kuliko mkono unavyoweza kuyaepuka. Fungua maandishi mekundu ya wiki ya kwanza: kama milimita 8 zimekuwa 3, unasonga, hata kama mchoro wa leo haukupendezi.

Picha ya kitambulisho

Kazi ambayo mchoraji wa huku huletewa, pengine kabla hajawa tayari, ni sura ya marehemu kutoka picha ndogo ya kitambulisho. Kichwa kina kama sentimita 2, nawe unatakiwa kukichora cha sentimita 20. Nusu milimita unayokosea kwenye picha inakuwa milimita 5 kwenye karatasi. Zaidi ya hapo, mwanga wa picha hizo hutoka mbele na kufuta vivuli vyote, kwa hiyo hakuna cha kunakili kati ya pua na shavu.

Piga picha hiyo kwa simu kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba nayo, kisha uikuze. Pima kwenye hiyo iliyokuzwa macho, nyusi, chini ya pua, mstari wa midomo, upana wa pua na upana wa taya, uviandike vyote sita kama sehemu za urefu wa kichwa. Iombe familia picha nyingine mbili hata kama ni za harusini au za kanisani akiwa nyuma ya watu. Unatafuta sikio, taya na namna anavyoinamisha kichwa. Chagua mwanga utoke juu upande mmoja, uweke vivuli kwa kufuata bapa za wiki ya nne. Usichore kope wala mikunjo ambayo picha haikuonyeshi.

Kisha, kabla ya kivuli cha kwanza, peleka mistari mitupu kwa mwana wa marehemu au mjane wake. Ataangalia kidogo na kusema mdomo haukuwa hivi, ulikuwa umebana upande huu. Hapo kosa hilo linafutika kwa dakika moja. Likishafunikwa na saa nane za vivuli, halitoki bila kutoa na karatasi.